Ubaguzi wa Rangi Uliobaki Kwetu

Liko neno ambalo watu wa Bariadi, na wa Maswa, na Itilima, na Meatu, na Busega, hupenda sana kulisema mbele ya wageni, ya kwamba ubaguzi wa rangi ni ugonjwa wa nchi nyingine. Waulizeni, nao watawajibu kwamba hiyo ni habari ya Marekani, au ya Afrika Kusini siku za Makaburu, au ya hapa kwetu zamani za Waingereza. Lakini sisi tu watu wapole, mgeni akija twampa kigoda na maziwa, wala hatumwulizi rangi yake wala kabila lake. Neno hili lina kweli ndani yake, nasi hatutaki kulikanusha lote. Walakini twasema wazi kwamba nusu yake ni uongo, na uongo huo umekwisha kupoteza roho za watu.

Na tuanze na ile nusu ya kweli, kwa maana vijana wengi hawaijui, na wazee walioiona wanapungua.

Zamani za Waingereza shule za Tanganyika zilikuwa za namna tatu: za watoto wa Kizungu, za watoto wa Kihindi, na za watoto wa Kiafrika. Watoto wenyewe hawakuomba kutengwa. Waliotenga ni watu wazima wenye kalamu na sanduku la fedha. Fedha iliyotumiwa kwa mtoto mmoja wa Kizungu ilipita mara nyingi ile iliyotumiwa kwa mtoto mweusi. Hospitali zilikuwa vivyo hivyo. Huko Dar es Salaam Mzungu alilazwa Ocean Road, penye upepo wa bahari, na mtu mweusi alipelekwa Sewa Haji. Hata kura ilipigwa kwa rangi: katika uchaguzi wa mwaka 1958 na 1959 kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu 3 kwa mara moja, Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, kana kwamba haki ni kuhesabu ngozi na kuzipanga kama vitambaa dukani. Mwaka huo huo wa 1958 watu wa Geita walilikataa baraza la wilaya lililopangwa kwa rangi, wakaondoka kwa wingi wakaenda Mwanza kulalamika. Waingereza waliuita mpango huo dawa ya ubaguzi. Dawa gani hiyo, imwulizayo mtu rangi yake kabla ya kumwuliza jina?

Nasi watu wa pamba tulikuwa na jambo letu wenyewe. Bariadi wakati ule ilikuwa chini ya Wilaya ya Maswa, na mkulima aliyekwisha kulima, kupalilia, kuchuma na kubeba mzigo kichwani alifika mbele ya mizani ya mnunuzi, na mizani ile haikusema kweli. Wanunuzi wengi walikuwa Wahindi, na kwa hiyo hasira juu ya mizani iligeuka upesi kuwa hasira juu ya ngozi. Lakini wale waliokuwa na akili, kama Paul Bomani na wenzake, hawakwenda kuchoma maduka. Walikusanya wakulima, wakaweka wapimaji wao wenyewe, wakajenga vyama vya ushirika hata mwaka 1955 vikaungana na kuwa chama kikuu cha nchi za ziwa. Waliirekebisha mizani, na ngozi ya mtu wakaiacha. Twaomba msomaji aliweke jambo hili moyoni, kwa kuwa tutalirudia.

Kisha ikaja siku ya tarehe 18 Oktoba 1961, kabla ya uhuru. Katika Bunge walisimama wajumbe waliotaka uraia wa nchi mpya uwe wa watu weusi tu. Ilikuwa rahisi sana kwa Julius Nyerere kuwakubali; watu wangempigia vigelegele nchi nzima. Yeye aliwapinga wenzake wa chama chake mwenyewe, tena kwa ukali, akasema kwamba Serikali yake iko tayari kujiuzulu kuliko kukubali uraia wa ngozi. Sheria ikapita. Tarehe 1 Januari 1962 zile shule za namna tatu zikaondolewa kwa sheria, zikawa shule za nchi moja. Mwaka 1963 sheria ikaondoa mamlaka ya watemi, wetu na wa wengine. Januari 1964 Nyerere akatangaza kwamba katika kazi za Serikali raia hatabaguliwa tena na raia mwenzake kwa ajili ya rangi. Hesabu ya watu ya mwaka 1967 ilikuwa ya mwisho kumwuliza mtu kabila lake. Na wanaoona jambo hilo kuwa dogo na wakumbuke Rwanda, ambako Wabelgiji waliandika kabila katika vitambulisho, na mwaka 1994 kitambulisho hicho hicho kikamwonyesha mwuaji ni nani wa kukatwa. Mwaka 1972 Tanzania ilijiunga na mapatano ya mataifa ya kufuta ubaguzi wa rangi. Na mwaka huo huo, Idi Amin alipowapa Wahindi wa Uganda siku 90 wahame, Nyerere alimkemea, ingawa Waafrika wengi walikuwa wakishangilia. Mwisho, mwaka 1984, haki za mtu zikatiwa ndani ya Katiba, na ibara ya 13 yakataza kumbagua mtu kwa utaifa wake, kabila lake, mahali atokapo, rangi yake au dini yake.

Twauliza: katika mambo hayo yote, ni lipi lililofanya kazi kubwa? Sisi walimu twadhani ni lile la kuchanganya watoto. Kijana wa Bariadi alipelekwa kusoma Tanga au Songea, akalala bweni moja na Mchaga na Mmakonde, wakagombania ndoo ya maji, wakanakili hesabu za mwenzao usiku, wakaugua malaria pamoja. Aliporudi nyumbani hakuhitaji hotuba ya umoja. Sheria ilifungua mlango, lakini kulala pamoja na kula pamoja ndiko kulikofanya watu wawe watu wa nchi moja. Kwa sababu hiyo hata leo Mnyantuzu huweza kumtania Mzaramo barabarani asipigwe.

Hiyo ndiyo nusu ya kweli, na ni urithi mzuri. Sasa tuje kwenye nusu ya pili.

Ubaguzi wa rangi maana yake nini? Ni kumtenga mtu, au kumdharau, au kumdhuru, kwa ajili ya rangi ya ngozi yake. Maneno hayo hayasemi kwamba ni lazima mtengaji awe Mzungu, wala kwamba anayetengwa awe mgeni. Basi twaulizane sisi wenyewe: katika mkoa huu wa Simiyu, uliotengwa na Shinyanga mwaka 2012, na katika nchi yote ya Usukuma, yuko mtu anayetengwa kwa ajili ya rangi yake? Yuko. Amezaliwa katika nyumba zetu, anaitwa kwa majina ya ukoo wetu, anasema Kisukuma kama bibi yake, na ngozi yake ni nyeupe. Ni mtu mwenye ualbino.

Na tuseme kwanza jambo hili ni nini, kwa kuwa ujinga ndio ulioanza kuua kabla ya panga. Rangi ya ngozi, ya nywele na ya macho yatokana na kitu kilichomo mwilini, nacho hurithiwa. Baba aweza kuwa mweusi sana, na mama vivyo hivyo, na kila mmoja akawa amebeba ndani yake, bila kujua, mbegu ya kukosa rangi. Mbegu mbili zikikutana, mtoto huzaliwa bila rangi. Haikosi kuwa pande zote mbili. Basi yule mume amfukuzaye mkewe akisema kwamba amezaa na Mzungu au na shetani, hajui kwamba mbegu ni yake pia, imetoka kwa baba zake. Hapa Tanzania hukadiriwa kwamba mtu 1 katika kila 1,400 huzaliwa hivyo, na huko Ulaya na Marekani ni mtu 1 katika 17,000 au 20,000. Kwa hiyo ni jambo letu kuliko la watu wengine wengi, nasi tungalipaswa kulijua kuliko wao.

Mtoto huyu haoni mbali, na jua humchoma. Asipofunikwa, ngozi hutoka vidonda, na vidonda vyaweza kuwa saratani. Ndiyo sababu wengi wao hawafiki uzee. Basi watu, kwa kuwa hawakumwona mzee mwenye ualbino, wakasema kwamba hao hawafi, hupotea tu. Tena wakawaita zeruzeru, jina la mzimu. Kutoka kusema kwamba mtu si mtu, hata kusema kwamba viungo vyake vyaweza kuuzwa, si mwendo mrefu.

Mwendo huo ulikwendwa. Kuanzia mwaka 2006 na 2007, katika Mwanza, Shinyanga, Geita na Kagera, watu wenye ualbino walianza kuuawa na kukatwa viungo, ili waganga wavitie katika dawa ya utajiri, ya mchimba dhahabu apate dhahabu na mvuvi apate samaki. Hata mwaka 2015 waliouawa waliohesabiwa walikuwa wamepita 70, bila kuhesabu waliokatwa mkono wakapona, wala makaburi yaliyofukuliwa. Mitaani wakapewa jina jipya la biashara. Mtoto akipita, kijana kando ya njia humwambia mwenzake, ‘Dili hiyo.’ Nani kati ya wasomaji wetu hajalisikia neno hilo? Na nani aliyemkemea aliyelisema?

Hapa ndipo tunapotaka kuitazama mizani yetu wenyewe. Serikali haikukaa kimya. Mwaka 2008 Rais Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir kuwa Mbunge, mwanamke mwenye ualbino, ili nchi nzima imwone akisimama na kusema. Januari 2009 Waziri Mkuu Pinda alifuta vibali vya waganga wa jadi. Machi mwaka huo wananchi wa huku kwetu waliitwa wapige kura ya siri, kila mtu aandike katika karatasi jina la mtu anayemshuku. Septemba 2009 Mahakama Kuu, ikikaa Kahama, iliwahukumu kifo watu 3 waliomwua mvulana wa Bukombe; na mwezi wa Novemba watu wengine 4 walihukumiwa vivyo hivyo kwa kumwua mtu mwingine. Mwaka 2010 ikatungwa sheria ya watu wenye ulemavu. Mwaka huo huo watu wa Lindi Mjini walimchagua kwa kura zao Salum Barwany, mwenye ualbino, awe Mbunge wao. Januari 2015 wapiga ramli walipigwa marufuku tena, na Desemba mwaka huo Abdallah Possi, mwenye ualbino, akawa Naibu Waziri, kisha mwaka 2017 akapelekwa kuwa Balozi Ujerumani. Kwa kweli mauaji yalipungua baada ya hapo. Twaishukuru Serikali kwa hayo, ingawa twajua kwamba mganga aliyenyimwa kibali mchana huwapokea watu usiku, na kwamba kupiga marufuku mara mbili ni kukiri kwamba ya kwanza haikushika.

Lakini liko jambo moja ambalo Serikali ililazimika kulifanya, nalo ndilo litutialo haya. Tangu mwaka 2008 watoto wenye ualbino walikusanywa kutoka vijijini wakapelekwa katika shule zenye mabweni na ulinzi: Buhangija katika mji wa Shinyanga, Mitindo huko Misungwi, Kabanga huko Kasulu. Buhangija ilikuwa shule ya watoto wasioona. Ikajazwa watoto wenye ualbino kupita 200, wengine wadogo hata hawajui kujivika nguo. Walilala wengi katika kitanda kimoja. Wazazi wengine waliwaleta, wakatia jina katika daftari, wakaondoka, wasirudi tena hata kuwatazama. Ikponwosa Ero, mjumbe wa Umoja wa Mataifa ambaye mwenyewe ana ualbino, alipozuru nchi yetu Julai 2017, alikiri kwamba mashambulio yamepungua, akasisitiza kwamba watoto hao warudishwe katika jamaa zao wakati wa salama.

Msomaji, tazama jambo hili vizuri. Mwaka 1962 Serikali ya nchi hii ilivunja shule zilizotenganisha watoto kwa rangi. Miaka 46 baadaye, Serikali ya nchi hiyo hiyo ilibidi iwatenge watoto wa rangi moja na kuwaweka nyuma ya ua na mlinzi. Nani aliyeilazimisha? Si Mwingereza. Alikwisha kuondoka zamani, akachukua na kofia yake. Aliyeilazimisha ni jirani wa mtoto, na mjomba wake, na pengine baba yake. Mwezi wa Mei 2024, huko Muleba, mtoto wa kike wa miaka miwili alinyang'anywa mikononi mwa mama yake, mwili wake ukaonekana mwezi wa Juni. Na katika wale waliopelekwa mahakamani kushtakiwa alikuwamo baba mzazi, tena alikuwamo padre. Hatuhukumu, kesi ni ya mahakama. Twasema tu kwamba hakuna msomaji wa gazeti hili awezaye kusema kwamba haya ni mambo ya wapagani wa porini.

Wako watakaotujibu. Tumekwisha kusikia majibu yao barazani na njiani, na mengine kwenye uwanja wa kanisa baada ya ibada, nasi tutayajibu.

Mmoja asema, ‘Watoto wale wana heri, wanakula na kusoma bure, kwa nini kuwasumbua?’ Huyu na aseme kama angempeleka mwanawe mweusi mahali ambapo atakaa miaka saba asione uso wa mama yake, kwa ajili ya sahani ya maharage. Tena afahamu kwamba hata Waingereza walisema vivyo hivyo: kila rangi ina shule yake inayoifaa, kwa nini kuchanganya?

Mwingine asema, ‘Hilo si ubaguzi wa rangi, ni uchawi na tamaa ya fedha tu.’ Kana kwamba wale walioweka mizani ya uongo hawakuwa na tamaa ya fedha! Ubaguzi wa rangi popote ulipokuwa duniani umetembea na fedha. Waliouza watumwa walitaka fedha. Na ili wauze kwa dhamiri tulivu walisema kwanza kwamba yule mweusi si mtu kamili. Anayenunua mkono wa mtoto husema kwanza kwamba mtoto yule ni zeruzeru. Tofauti iko wapi?

Tena sisi watu wa Bariadi, zaidi ya wengine, tungalipaswa kujua uchungu wa kuhukumiwa bila kosa. Nenda popote, useme watoka Bariadi, mtu atacheka akuulize habari za Gamboshi; atajisogeza mbali nusu kwa mzaha na nusu kwa hofu, kwa sababu kijiji kile kimevumishwa nchi nzima kuwa makao ya wachawi. Twakasirika, nasi twakasirika kwa haki, kwa kuwa mtu hachagui mahali pa kuzaliwa. Basi na ngozi je, huchaguliwa? Na wale akina mama wazee waliouawa Usukuma kwa kuwa macho yao yalikuwa mekundu, mekundu kwa moshi wa mavi ya ng'ombe waliyopikia wajukuu miaka 50, walichagua? (Majirani zetu wa Meatu, Wahadzabe na Wataturu, nao wana neno la kutuuliza juu ya majina tunayowaita. Hilo lina siku yake.)

Jibu la tatu ndilo linalotuudhi kuliko yote, nalo lasemwa na watu wenye heshima: ‘Ulinzi ni kazi ya Serikali, sisi raia tufanye nini?’

Wazee wangu, tulipoibiwa ng'ombe, tulisema hivyo? Mwanzo wa miaka ya 1980 wezi wa mifugo walipozidi, Wasukuma na Wanyamwezi hawakungoja mtu. Walianzisha Sungusungu, wakapanga zamu, wakachukua pinde na filimbi, na mwano ulipopigwa mtu aliacha ugali katika sahani akakimbia. Kijiji kilichosikia mwano kikakaa kitako kilitozwa faini. Serikali ndiyo iliyokuja nyuma, ikashangaa, kisha ikawatambua. Wala hatusemi kwamba Sungusungu hawakuwa na dhambi zao. Walikuwamo waliowaonea akina mama wazee wale wale tuliowataja. Twasema hivi tu, kwamba uwezo upo. Twajua kulinda. Ng'ombe mmoja akipotea usiku huko Dutwa au Nkololo, wanaume 100 watakuwa njiani kabla ya jogoo. Kwa mtoto aendaye shule peke yake, amevaa kofia, akisikia vijana wakimwita dili, hakuna apigaye mwano. Ni nani basi aliye na thamani katika kijiji chetu?

Jambo hili hatuwezi kulieleza kwa umaskini, wala kwa ujinga, kwa maana alindaye ng'ombe hahitaji kusoma. Twalieleza kwa neno moja tu: hatukumhesabu mtoto yule kuwa wetu.

Wasomaji waijuao Biblia watakumbuka habari za Miriamu katika kitabu cha Hesabu. Yeye na Haruni walimsema Musa kwa ajili ya mke wake Mkushi, na ngozi ya Miriamu ikageuka nyeupe kwa ukoma, akatolewa nje ya kambi siku 7. Watu wengi hulijua jambo hilo, nao huishia hapo. Lakini habari yenyewe yaendelea, kwamba taifa zima lilikaa pale pale, hakuna hema lililong'olewa, mpaka Miriamu alipoingizwa ndani tena. Tusipotoshe habari: ualbino si ukoma, wala si adhabu ya mtu yeyote. Miriamu alikuwa na kosa, nao wakamngoja. Watoto hawa hawana kosa lolote, nasi tumeng'oa mahema tukaenda zetu, tumelima pamba misimu mingi, tumeoza na kuoa, na mahali pao katika kikao cha jioni pamekwisha kuzibwa na mwingine.

Basi twataka nini? Hatutaki ua uvunjwe kesho asubuhi, mtoto arudishwe penye panga. Huo ungekuwa wazimu. Twataka vijiji viwe mahali ambapo ua hauna kazi tena, na kazi hiyo ina sehemu zake ndogo ndogo ambazo hazihitaji fedha ya mgeni. Kiongozi wa Sungusungu wa kila kitongoji aweza kupanga vijana wawili waaminifu wa kumsindikiza mtoto shuleni na kumrudisha, kama tunavyopanga wachunga. Jambo hili lisipigiwe mbiu wala jina la mtoto lisisomwe mbele ya umati, kwa kuwa mnunuzi naye huhudhuria mikutano. Lijulikane kwa wazee wachache wa kuaminiwa. Mganga apigaye ramli anajulikana na kila mtu kijijini, hata na watoto wa darasa la kwanza; asipewe mgonjwa hata mmoja, naye atahama kwa njaa upesi kuliko kwa amri. Na Mkristo aonekanaye mlangoni kwake na aulizwe na wenzake kabla ya kuulizwa na mchungaji.

Kwa walimu wenzetu tuna maneno zaidi, kwa maana kazi ni yetu. Mtoto mwenye ualbino akae mbele, karibu na ubao, na mwandiko uwe mkubwa. Wengi wameitwa wajinga, kumbe hawakuona kilichoandikwa. Asiende shamba la shule saa sita. Apewe kazi ya kivulini au ya asubuhi mapema. Aruhusiwe kofia pana na mikono mirefu, hata kama sare ya shule ni mikono mifupi. Tumeona mwalimu akimvua mtoto kofia paredini kwa ajili ya nidhamu, na nidhamu ya namna hiyo haina jina zuri. Mafuta ya kuzuia jua hutengenezwa nchini, huko Moshi, katika hospitali ya KCMC, hususa kwa watu hawa. Mwalimu mkuu na amwulize mganga mkuu wa wilaya namna ya kuyapata, asingoje mzazi ambaye hajasikia habari zake. Na somo la urithi wa mbegu lisingoje sekondari. Watoto wa darasa la tano walio wachungaji wa ng'ombe wanajua kwamba fahali mweusi na jike jeusi huweza kuzaa ndama mwekundu, wala hakuna apelekaye ndama yule kwa mganga. Anza hapo, nao watafahamu kabla kengele haijalia.

Shule hufungwa mwezi wa Desemba. Wazazi wenye watoto huko Shinyanga na Misungwi wajua siku yenyewe, na wengine wanaona haya kwenda, au wanaogopa kurudi nao peke yao katika gari la usiku. Twataka kusikia kutoka kila kijiji cha Simiyu ni wazee gani watakaofuatana nao kuwachukua watoto, na ni nani ambao wamekwisha kuandikwa zamu ya kulala nje ya nyumba zao mpaka shule zifunguliwe Januari.